Mto Ulipochafuka Tukashuka Baharini

Mvua ilinyesha milimani usiku kucha, na kulipokucha mto ulikuwa umegeuka rangi ya udongo. Mjomba alichuchumaa ukingoni, akazamisha mkono hadi kwenye kifundo, akautazama kidogo, akatikisa kichwa. Kucha zake hazikuonekana. Hicho ndicho kipimo chake: ukishindwa kuona kucha zako mwenyewe, trauti, samaki tunayemvua mtoni, naye hataona inzi wako wa bandia. Trauti huwinda kwa macho. Maji yakichafuka haachi kula, ila hujibana kwenye kingo na kuokota minyoo inayosombwa, na mjomba si mtu wa minyoo.

“Huu mpaka usafike ni siku mbili tatu,” akasema. “Funga vitu, tushuke baharini.”

Sikupinga, ingawa bahari nilikuwa naijua kwa kuiangalia tu.

Nieleze kidogo kwa asiyeujua uvuvi huu wa inzi bandia. Hatutumii chambo. Tunafunga manyoya ya ndege, nywele za mnyama na nyuzi za kumetameta kwenye ndoana mpaka ifanane na mdudu au kidagaa. Kitu chenyewe hakina uzito wa kurushika, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi, nao hutengenezwa mnene na mzito kwa makusudi. Mwisho wake hufungwa uzi mwembamba wa nailoni, na mwisho wa uzi huo ndipo anapokaa inzi. Mishipi ina namba. Ule wa namba 5 tuliouzoea mtoni, mita 9 zake za mbele zina uzito wa gramu 9 hivi. Wa namba 8, ambao mjomba aliutoa nyuma ya gari siku ile pamoja na fimbo yake, unakaribia gramu 14. Ukisikia hivyo utasema tofauti ni ndogo. Bega litakwambia mengine jioni.

Ya mtoni nilikuwa nimeshafundishwa. Trauti hutulia uso ukielekea mkondo, maana mkondo ndio unaomletea chakula mdomoni. Basi unamnyatia kwa nyuma, unamtupa inzi mbele yake, unamwacha ateremke na maji kana kwamba hajafungwa na chochote. Trauti akimeza, unainua fimbo kwa upole na mambo yamekwisha.

Safari ilikuwa ndefu, na njia nzima mjomba alikuwa akinivunjia kanuni hizo moja baada ya nyingine.

“Kule hakuna mkondo wa kumlisha samaki, mjomba,” aliniambia. Tunaitana hivyo sote wawili. “Kule anatembea anatafuta. Sasa inzi wako akielea tu, atajiuliza, kidagaa gani huyu asiyenikimbia?”

Kwa hiyo inzi wa baharini huvutwa kwa mkono unaoshika mshipi: vuta, tulia, vuta. Na samaki akiuma, fimbo isiinuliwe hata kidogo. Endelea kuvuta mshipi ule ule, safari hii kwa nguvu, mpaka ukaze. Sababu yake nilipoelezwa niliielewa mara moja. Fimbo ukiinua inapinda, na ule mpindo unameza nguvu yako. Kwa mdomo laini wa trauti kilichobaki kinatosha. Kwa mdomo uliozoea kuponda maganda ya kaa, hakitoshi. Tena samaki akikosa kumkamata inzi, kwa kuvuta mshipi unamsogeza shubiri chache tu, bado yuko mbele ya macho yake. Ukiinua fimbo umemtoa majini.

Tulifika asubuhi, jua limeshapanda. Zilikuwa siku za bamvua, mwezi mpevu, na bahari ilikuwa imekupwa hadi mbali, imeacha mchanga, majani na vidimbwi. Mjomba alikuwa amelisoma jedwali la maji kabla hatujaondoka. Mpango wake ulikuwa twende mpaka kwenye ukingo, tungoje maji yaanze kujaa, kisha turudi nayo polepole, kwa kuwa samaki hupanda kwenye kina kifupi wakati huo kutafuta kaa na kamba waliokuwa wamejificha. Akanionyesha mfereji tuliouvuka, maji yake yakifika kwenye vifundo vya miguu. “Huo ndio wa kuuangalia,” alisema. Maji kujaa hayaji kwa mbele tu. Hupenya kwenye mifereji kama ile, na mtu aliyekazia macho samaki hugeuka akakuta njia aliyojia imeshafika kifuani.

Jambo la pili lilikuwa kutembea bila kuinua nyayo. Unaburuta miguu kwenye mchanga ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia humo, akusikie aondoke. Ukimkanyaga, mwiba wa mkiani utakutoa machozi na huenda ukakulaza hospitali.

Kwa muda mrefu sikuona kitu ila maji. Nilikuwa nimevaa miwani ya kukata mng'ao, kofia ya ukingo mpana, kila kitu, na bado mjomba alikuwa akinyoosha kidole kwa samaki ambao kwangu mimi hawakuwepo. “Usitafute samaki,” akasema mwishowe. “Yeye ni kioo, anaakisi mchanga. Tafuta kivuli chake.” Nikaacha kutazama maji, nikatazama chini yake, na kweli, vivuli vikaanza kutembea.

Kilichofuata bado nakiona vizuri. Upande wa kushoto palikuwa na wingu la mchanga likisogea dhidi ya maji yaliyokuwa yakiingia. Ndani yake taa, mpana kama sinia, akipigapiga mabawa kwenye sakafu ya bahari ili kufukua chakula. Nyuma yake, kana kwamba wamefungwa kamba, samaki wawili aina ya kolekole. Hawamsaidii taa kwa lolote. Wanangoja tu kaa au kidagaa afurushwe mchangani, wamnyakue kabla mwenye kazi hajageuka. Nimeona watu wa namna hiyo pia, lakini hiyo ni habari nyingine.

“Pembeni ya taa,” mjomba alinong'ona. “Si juu ya kolekole. Pembeni ya taa, kama kitu kilichotimuliwa.”

Upepo ulikuwa unanisukuma kutoka kulia, upande wa mkono wa kurushia, ambao ndio mbaya kuliko yote kwa sababu unakuletea ndoana sikioni. Nikarusha chini chini, fimbo ikiwa imelala karibu sawa na maji.

Inzi niliyemtumia alitoka kwenye kisanduku kile kile cha mtoni. Anaitwa Clouser Minnow. Alibuniwa katika miaka ya 1980 na Bob Clouser, mwongoza wavuvi wa mto Susquehanna huko Pennsylvania, Marekani, kwa ajili ya samaki aina ya besi wa maji baridi. Jina alipewa na Lefty Kreh, fundi mkubwa wa uvuvi huu aliyefariki mwaka 2018. Siri yake ni macho mawili mazito ya metali yanayofungwa kwenye shina la ndoana. Uzito ule unaipindua ndoana, ncha ikaangalia juu, isinase chini. Ukivuta, anapanda, ukitulia, anazama kichwa kwanza, kama kidagaa anayejaribu kujificha. Wavuvi wa baharini hawakuchelewa kumchukua, na leo ni vigumu kukuta kisanduku cha mvuvi wa maji chumvi kisicho naye.

Alianguka hatua moja kutoka kwenye bawa la taa. Nikamwacha azame. Nikavuta mara moja.

Kolekole mmoja akageuka. Hakukimbilia, aligeuka tu, akaacha kivuli cha taa, akaja moja kwa moja huku mapezi yake ya buluu yakionekana waziwazi. Mtoni trauti huchukua inzi ukiwa huoni chochote ila mtikisiko wa uso wa maji. Huyu nilimwona anavyoamua. Nikavuta tena, akafungua mdomo, mkono wangu wa kushoto ukahisi kitu kigumu, nikavuta mpaka kiwiko kikapita mbavu.

Mshipi uliokuwa umelala miguuni ulifyatuka, ukanipiga kifundo cha kidole, kisha rili, gurudumu linaloviringiwa mshipi, ikaanza kupiga kelele. “Mwache aende! Usiishike rili!” Alikwenda. Mshipi wote ulitoka, na nyuma yake ukaanza kutoka uzi wa akiba, wa rangi ya chungwa, ambao mtoni nilikuwa sijauona tangu siku nilipouviringa. Nguvu hizo nilikuwa nimeonywa, hazikunishangaza sana. Wasiwasi wangu ulikuwa matumbawe yaliyochomoza kule mbele, kwa sababu nailoni ikigusa tumbawe inakatika papo hapo. Mjomba akanishika bega, akanisogeza upande wa kulia hatua kwa hatua, tukabadilisha pembe ya kumvuta, samaki akageuka mchangani. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya mgongo tu: unampata mita kumi, anachukua nane.

Alipofika karibu, mjomba alimshika mahali mkia unapoanza. Pale kolekole ana magamba magumu yenye makali, yamepangana mstari mmoja ubavuni, na mtu asiyejua anajikata kiganja. Alikuwa na urefu wa mkono wangu tangu kiwiko hadi ncha za vidole, madoadoa ya buluu mgongoni, jicho likizunguka kututazama. Tukamwelekeza kwenye maji yanayoingia mpaka mkia ulipopata nguvu, akatuponyoka mwenyewe.

Mjomba akamwangalia inzi, akacheka kwa sauti. Ndoana ilikuwa imefunguka, imekaribia kunyooka. Ilikuwa ndoana ya mtoni, ya waya mwembamba, na dakika moja zaidi ya kuvutana ingemaliza hadithi. Tengesi, samaki wa meno makali, alipotutokea baadaye, mrefu na mkimya, hata hatukumrushia. Meno yale yanataka waya wa chuma mbele ya inzi, nasi hatukuwa nao. Mfereji nao ulikuwa umeanza kufika magotini, tukarudi.

Jioni tuliosha fimbo na rili kwa maji yasiyo na chumvi, sehemu kwa sehemu, halafu tukakaa chini ya taa ya umeme kufunga inzi wapya kwenye ndoana nene za chuma kisichoshika kutu. Mimi nilikuwa naweka nywele nyingi, mjomba ananipunguzia kila mara kwa mkasi.

“Acha maji yapite ndani yake,” alisema. “Na usiweke saa ya kengele ya leo. Kesho yatajaa kama dakika 50 baadaye.”