Siku yangu moja Thimlich Ohinga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nazunguka ukuta wa Kochieng, boma kubwa kuliko yote hapa Thimlich Ohinga, makazi ya kale ya mawe ninayoyatunza katika kaunti ya Migori, Kenya. Chai baadaye. Natafuta mawe yaliyoanguka usiku, mizizi iliyojipenyeza, na miti iliyoanza kuegemea ukuta. Leo sioni kitu, nashukuru.

Saa mbili nafyeka nyasi za njiani na kufagia langoni.

Saa nne basi la shule linafika, wanafunzi wa sekondari. Swali la kwanza huwa ni lile lile: "Mwalimu, walitumia simiti gani?" Hakuna simiti, hakuna hata udongo wa kushikiza. Nawaita karibu, nawaonyesha jiwe dogo la ukubwa wa yai lililobanwa kati ya makubwa mawili. Hilo dogo ndilo linalozuia makubwa yasicheze. Mafundi walijenga uso wa nje na uso wa ndani, katikati wakajaza mawe madogo. Kuta nyingine zinapita mita 4 kwenda juu, na zimesimama tangu karne ya 16.

Kisha nawapitisha langoni. Lango ni fupi, lazima uiname. Nawauliza: ukiinama hivyo na mkuki mkononi, mlinzi aliye ndani atakufanyaje? Wananyamaza, halafu wote wanaelewa kwa mpigo. Humu watu walilala salama, na mifugo yao ikiwa katika vizizi vya mawe. Kwa Kijaluo ohinga ni boma la mawe, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha.

Saa sita kasoro, nikiwa na kundi la pili, nasikia jiwe likianguka nyuma yangu. Kijana amepanda ukutani apigwe picha. Hakuumia. Nilikasirika sana, nakiri, lakini sikumfokea. Nilimshika bega nikampeleka mpaka pale, nikamwambia aweke kiganja kwenye pengo. Ndani kulikuwa na ubaridi na vumbi laini. Nikamwambia, "Mwanangu, jiwe hili lilikuwa limebeba mengine matano." Machozi yalimlenga, akaomba msamaha.

Mwalimu wao alitaka turudishe jiwe hapo hapo. Nilikataa. Jiwe likirudishwa kwa kubahatisha, uzito unahama na ukuta unafura tumbo, halafu mvua za masika zinaumalizia. Nilipiga picha, nikapima pengo, nikaweka alama ya chaki chini lilipodondokea. Kazi hiyo inamngoja fundi anayejua kujenga kwa mawe makavu, na mafundi wa aina hiyo ni wachache. Hilo ndilo linaninyima usingizi. UNESCO ililiingiza eneo hili lote katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, tukasherehekea, lakini ukuta unahitaji mikono iliyofundishwa. Natamani kila kijiji jirani kitoe vijana wawili wajifunze.

Saa nane nakula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na chai ya maziwa. Alasiri anakuja mzee mmoja na mjukuu wake, polepole, na fimbo yake. Hakuhitaji maelezo yangu. Alikaa kivulini akamwonyesha mtoto vile wavulana wa zamani walivyochunga ng'ombe wakiwa na jicho moja langoni. Mimi nilisikiliza tu.

Saa kumi na moja nafungua daftari: jiwe moja, upande wa ndani, hatua kumi na nne kutoka langoni. Nazunguka tena kabla giza halijaingia.