Tembe ya Chamwino na ghorofa za udongo za Yemen

Ukifungua vitabu vingi vya watoto kwenye mada ya tamaduni za dunia, unakutana na gwaride la mavazi: Mjapani na kimono, Mskoti na sketi yake, Mmasai na rungu. Mtoto anakariri, anajibu mtihani, basi. Kinachobaki kichwani ni kwamba watu wa mbali wana vituko. Mimi nafundisha Maarifa ya Jamii darasa la sita huku Chamwino, Dodoma, na siku hizi mada hiyo naianzia kwenye paa.

Paa la tembe, nyumba ya asili ya udongo ya Wagogo. Tembe za Kigogo zimebaki chache. Tangu Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba ya maana ikawa ya bati. Jirani na shule yuko bibi mmoja ambaye bado anayo, ingawa sasa wanalala kuku. Nikaenda na darasa zima. Tukasalimiana Kigogo: "Mbukwenyi!" "Mbukwa." Akatuonyesha kwa fimbo: nguzo, juu yake boriti, fito zilizobanana, majani, halafu udongo ulioshindiliwa. Mbona paa bapa? Kwa sababu mtama unaanikwa huko juu, mbuzi hafiki. Mbona fupi? "Upepo wa huku hamuujui?" Na masika yakikaribia unapanda kuziba nyufa. Usipoziba, alisema, utalala umekaa.

Hapo hapo chini ya mti nikatoa picha nilizochapisha steshenari moja ya Jamatini (rangi ni ghali, nilijikaza). Ya kwanza ilikuwa Taos Pueblo, kijiji cha Wahindi Wekundu jimbo la New Mexico, Marekani: nyumba za udongo, paa bapa, zimepandana, na ngazi za miti zimeegemezwa ukutani. Zamani walikuwa wanaingilia juu ya paa, na adui akija ngazi inavutwa.

"Mwalimu, kumbe na Marekani kuna maskini?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Kwa watoto wetu udongo ni umaskini, bati ni maendeleo, mjadala umefungwa. Sikumjibu. Nikatoa picha ya Shibam, mji wa Hadhramaut kule Yemen, wenye ghorofa za matofali ya udongo, nyingine zinafika saba. Darasa likalipuka. Waliokwisha kwenda Mtumba kushangaa majengo ya serikali walikataa katakata, wakadai nimewatengenezea kwa kompyuta. Nikawauliza tu: saa nane mchana, darasani kwetu chini ya bati na ndani ya tembe ya bibi, wapi kuna nafuu? Kwenye tembe walikuwa wametoka dakika chache tu zilizopita. Wakacheka, maana darasa letu saa hizo ni tanuri.

Ya mwisho ilikuwa msikiti mkuu wa Djenné, Mali, uliojengwa upya mwaka 1907. Kuta zake zimechomoza vipande vya miti kila upande. Ni ya nini? Mmoja akasema pambo, mwingine ya kuanikia nguo. Bibi akaisogeza picha karibu na macho, akaguna.

"Ya kukanyagia. Fundi atapandaje kusiriba?"

Ndivyo ilivyo. Kila mwaka mji mzima unatoka kuusiriba msikiti kabla ya mvua. Vijana wanabeba udongo, wasichana na kina mama wanateka maji. Bibi hajawahi kuisikia Mali, lakini alilisoma lile jengo kuliko mimi niliyesoma maelezo yake usiku kucha.

Sisemi turudi kwenye tembe. Nami nalala chini ya bati, na mvua ya Januari siitaki kitandani. Ila aliyeuliza habari ya maskini aliandika kwenye daftari kwamba watu wa Taos "wana jua kali na miti michache kama sisi", na kwangu sentensi hiyo inazidi kimono kumi.

Muhula ujao ni uwele. Kuna mwanafunzi ameniwahi tayari kuniambia kwamba Rajasthan, India, nako wanaula, tena mikate. Kasoma wapi sijui, ila ni kweli.