Nilivyoandika historia ya kwetu Irangi, korongo kwa korongo

Mara ya kwanza nilikosea kabisa. Nilipanda basi Dodoma mjini alfajiri, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Kondoa, maana lami ya Dodoma hadi Babati iliyozinduliwa 2018 imeifupisha safari ambayo utotoni ilitula siku nzima na vumbi lake. Kutoka hapo ni bodaboda hadi kijijini kwetu, kwenye milima ya Irangi. Nia yangu ilikuwa kuandika mambo ya kwetu kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Nikawakusanya wazee watatu chini ya mti, nikawapa shikamoo zao, nikaweka simu juu ya kigoda katikati yao, nikasema, "Babu zangu, naomba mnieleze historia ya Warangi."

Wakatazamana. Mmoja akasafisha koo, akasema chimbuko letu ni Haubi, wazee wetu walilima na kufuga, Mjerumani akaja, Mwingereza akaja, tukapata uhuru. Dakika kumi na moja zikaisha. Halafu wakaniuliza kama mvua imeshanyesha Dodoma.

Mama mkubwa alikuwa pembeni anachambua mlenda. Usiku aliniita jikoni. "Mwanangu, wazee hawa hawaulizwi wakiwa wamekaa. Kesho mfuate mjomba wetu shambani, ukamsaidie."

Mjomba wa mama yangu mimi namwita Babu. Kesho yake nikamfuata kwenye alizeti zake, jembe begani, simu mfukoni. Tulipofika ukingoni mwa korongo moja refu, akasimama kupumzika, akaelekeza fimbo chini. "Hapa palikuwa na njia ya ng'ombe. Maji yakaingia kwenye njia, njia ikawa mfereji, mfereji ukawa hili." Nikamwuliza ng'ombe walikuwa wa nani. Hapo ndipo alipoanza kusimulia, na hakunyamaza hadi jua linazama.

Aliyonieleza ni habari ya HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza 1973. Milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko kiasi kwamba sehemu nyingine ulibaki udongo mwekundu mtupu. Mwingereza naye alikuwa amejaribu kabla ya uhuru, akawatoa watu kuchimba matuta, na Babu bado anaweza kukuonyesha mabaki ya matuta hayo. Mwaka 1979 ukaja uamuzi mkubwa: mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda zaidi ya 80,000 wakaondolewa milimani.

Haya yote unaweza kuyakuta kwenye ripoti. Yasiyoandikwa humo ni namna Babu alivyowagawa ng'ombe wake kwa ndugu wa nyika, huyu kwa shemeji, yule kwa rafiki wa jando, na namna ndama mmoja alivyorudi peke yake baada ya siku nne, akalala mlangoni. Ni kwamba mwaka ule watoto walikosa maziwa, na wanawake wakalima mashamba bila samadi. Tena Babu hana kinyongo. Alinionyesha miti iliyojaa ndani ya korongo, akasema, "Ardhi ilipona. Lakini sisi ndio tuliolipa." Mimi naona yuko sahihi kwa yote mawili, na anayeandika habari ya milima hii akaacha upande mmoja ameandika nusu.

Kuanzia siku hiyo niliacha kuuliza kwa miaka, nikauliza kwa mahali. Huu mbuyu umeshuhudia nini? Kwa nini kisima hiki hakichotwi jioni? Miaka niliitafuta baadaye, kwa kupimia matukio ambayo kila mtu anayajua. Babu hakuwa na tarehe ya ng'ombe kuondoka, ila alisema vijana walikuwa ndio wanarudi kutoka kwa Amin. Vita ya Kagera ni 1978 na 1979, basi nikajua nimefika. Kwa wakubwa zaidi nilitumia uhuru wa 1961, na kuhamia vijijini kwa miaka ya sabini. Mtu akikuambia "nilikuwa nimeshaolewa lakini sijazaa" wakati wa kuhamia kijijini, umeshapata umri wake bila yeye kuutaja.

Pigo lilikuja nilipofikisha miezi minane. Simu iliharibika kioo, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, naye akaifuta yote ili iwake. Sauti za wazee wawili waliokuwa wameshatangulia mbele ya haki zilikwenda hivyo. Nililia, sioni aibu kusema. Toka hapo naandika kwenye daftari siku hiyohiyo, kabla sijalala, na sauti nazihamishia kwenye kompyuta ya dada yangu na kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba tofauti.

Nyimbo za kusagia ndizo zilizonitesa kuliko yote. Bibi alikuwa akisema tu, "Tulikuwa tunaimba tukisaga," nikimwomba aimbe anacheka, anasema amesahau, mashine ya kusaga imekuja zamani. Nilimwuliza mara tano, safari tano. Siku moja nikaona jiwe lake la kusagia limegeuzwa kifudifudi mlangoni, linatumika kama ngazi. Nikaligeuza na kuliosha. Lilikuwa limechimbika katikati kama sahani ya kina, laini kwa ndani mpaka mkono unateleza, na upande wa kulia umeliwa zaidi kwa sababu ndiko alikoegemeza nguvu. Nikaomba uwele kidogo kwa jirani. Bibi akatazama, akapiga magoti bila kuambiwa, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili. Akasukuma mara tatu. Mara ya nne sauti ikatoka, nyembamba, inafuata mwendo wa jiwe, na pale jiwe linaporudi ndipo anapovuta pumzi. Aliimba nyimbo sita. Mbili zilikuwa za kumsema mama mkwe, na nilielewa kwa nini zilihitaji kelele ya jiwe.

Baadaye nilikwenda na Babu hadi kijiji cha Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa 2006 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Unajiandikisha kwanza ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unapewa kiongozi, kisha unapanda mlima. Michoro myekundu ndiyo ya kale, kazi ya wawindaji. Myeupe ilikuja nyuma, na watu wa kilimo na mifugo kama sisi. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alifika 1951 kuinakili. Kuna mchoro mmoja wa watu warefu wembamba, mmoja katikati ameshikwa mikono na wenzake kushoto na kulia. Wapo watafiti walioona pale mtu anatekwa. Babu aliutazama kwa muda mrefu akiwa ameegemea fimbo yake. "Hatekwi," akasema. "Huyu anashikwa asianguke. Yuko ngomani, anatibiwa."

Niliandika maneno yake kama yalivyo, na maelezo ya watafiti nikayaweka pembeni yake. Sikuchagua.

Kuhusu Mungomi wa Kolo, ambako watu wa kwetu hadi leo huenda kuomba mvua na uzima, Babu alinieleza mengi tukiwa tunashuka. Lakini kabla hajaanza alisema, "Zima hiyo." Nikazima. Hayamo kwenye daftari wala hapa.

Sasa nina madaftari manne. La kwanza nilimpa mama mkubwa amsomee Bibi, na Bibi akasahihisha majina mawili ya visima na jina la ng'ombe wa Babu, yule ambaye ndama wake alirudi. Miguu ya Babu haipandi tena. Mvua zikikatika tunakwenda Haubi, mimi na mama mkubwa, kwa miguu kwa njia ya zamani, maana anasema kuna mawe matatu njiani ambayo kila moja lina habari yake.