Kahawa ya birika Tanga: inavyopikwa, inavyoharibika na pa kuinywea

Kahawa ya birika ina umri wa saa moja na nusu tangu iive. Ikipita hapo watu huinywa kwa mazoea tu. Ndiyo maana mtu akiuliza kijiwe gani cha kahawa ni bora Tanga, simtajii jina la muuzaji. Namwambia aangalie saa, makaa na ndoo ya kuoshea vikombe. Vijiwe vya mtaa wa Ngamiani ni vingi, kwenye barabara zile zinazoitwa kwa namba, na muuzaji yuleyule anaweza kukupa kahawa safi alasiri na kahawa kali ya kukunja uso baada ya isha, kwa buni ileile na birika lilelile.

Tanga ni mji wa bahati kwa kinywaji hiki, ingawa bahati yenyewe haikuja kwa njia iliyotarajiwa. Miaka ya 1890 Wajerumani walifyeka misitu ya Usambara Mashariki wakapanda arabika, aina laini ya kahawa, pale Derema na mashamba ya jirani. Mibuni ilistawi mwanzoni, kisha ikadhoofika. Rutuba ya msitu ule ilikuwa kwenye majani yaliyooza juu ya ardhi, na chini yake udongo ni wa tindikali, umeoshwa na mvua za miaka mingi. Leo milima hiyo inajulikana zaidi kwa chai na viungo: iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga za Amani hushuka Muheza na kuingia masokoni Tanga. Kahawa ikaja kwa reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893 na reli ikafika Moshi kabla ya vita ya 1914, ikawa njia ya kahawa ya Kilimanjaro kuelekea bandarini. Kwa hiyo finjani moja ya kijiweni ina buni kutoka bara na viungo vya milima unayoiona ukitoka mjini.

Kwa kahawa ya birika, arabika peke yake ni nyepesi mno. Ukiitia tangawizi inapotea, unabaki na maji ya tangawizi yenye rangi. Robusta, aina nyingine ya kahawa kutoka Kagera, ndiyo inayoipa uzito na uchungu wa kusimama mbele ya kashata. Pia ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo usiizidishe kwa wanywaji wa usiku. Mchanganyiko ninaoupendekeza ni sehemu mbili za arabika kwa sehemu moja ya robusta. Zikaange mbalimbali, uzichanganye baada ya kupoa, maana punje zake hutofautiana ukubwa na haziivi kwa muda mmoja. Unaponunua buni sokoni, shika konzi moja uimwage kwenye ungo. Ondoa nyeusi, zilizovunjika na zenye tundu la mdudu. Kumi tu zilizooza zinatosha kutia harufu ya uvundo kwenye birika zima. Halafu ng'ata punje moja. Jino likiacha alama, buni ina unyevu, na hali ya hewa ya pwani imeshaingia gunia. Ianike kwanza, kivulini penye upepo.

Kukaanga ndiko kunakotenganisha wapishi. Jiko la mkaa liwe na makaa yaliyoshika vizuri, yasiyo na moshi wala mwali. Tumia kikaango kizito, buni isizidi kina cha vidole viwili, na mwiko usipumzike. Dakika tano za mwanzo inatoka kijani kwenda njano na kunukia kama majani makavu. Kati ya dakika ya kumi na ya kumi na tatu inaanza kupasuka, sauti kama bisi zilizo mbali. Hapo wengi hupunguza makaa, na wanafanya vizuri, kwa sababu kuanzia sasa buni yenyewe inatoa joto na inaweza kukukimbia. Mlio wa kwanza ukiisha, subiri dakika mbili au tatu hadi rangi ifanane na ganda la ukwaju lililokomaa, na uepue mara tu usikiapo mlio wa pili, mwembamba na wa haraka zaidi. Kilo moja ya buni mbichi inakuachia gramu 820 hadi 850. Ukipima ukakuta 750, umechoma. Buni nyeusi tititi, inayong'aa mafuta, haina tena ladha ya kahawa. Ina ladha ya mkaa, na watu wanaisifu kuwa kali kwa sababu hawajaonja nyingine.

Epua, mwaga kwenye ungo, pepeta haraka hadi ipoe ndani ya dakika nne au tano. Ukiiacha kikaangoni inaendelea kuiva, ndani inaungua. Kisha ilaze usiku mzima kwenye chombo kisichofungwa kwa nguvu. Buni iliyotoka motoni imejaa hewa ya kaboni, na ukiipika siku hiyohiyo povu litafoka na kuzima makaa, na kahawa itakuwa na uchachu wa ajabu. Kesho yake ndipo uitie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Tanga unyevu hauna huruma: kahawa iliyosagwa na kuachwa wazi inapoteza harufu kabla ya siku ya tatu.

Kusaga, kinu na mchi bado vinashinda. Unga uwe mzito kama chenga za mchele. Ukiwa laini kama unga wa ngano, hautatulia chini na kila finjani itakuwa na matope. Anayepeleka mashineni ahakikishe mashine hiyo haijatoka kusaga pilipili au mahindi muda huohuo. Na kwa anayenunua iliyosagwa tayari, chemsha kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji: kahawa halisi inabaki nyepesi mdomoni hata ikiwa nyeusi. Ikiwa nzito na yenye ukungu kama uji mwepesi, humo kuna mahindi yaliyokaangwa.

Sasa maji. Ya bomba Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, na yanafaa, ila yachemke bila mfuniko dakika tano ili harufu ya dawa itoke. Maji ya kisima karibu na bahari usiyaguse. Chumvi kidogo tu, ambayo huioni kwenye chai ya maziwa, inafanya kahawa iwe bapa, haina mwanzo wala mwisho.

Kwa birika la lita tatu: gramu 180 za kahawa (ukitumia mizani ya duka utaona ni nyingi kuliko vijiko unavyodhani), gramu 60 za tangawizi mbichi iliyopondwa, na punje nane za iliki zilizovunjwa. Tangawizi kavu ni kali zaidi, kwa hiyo gramu 15 zinatosha. Tangawizi inatangulia. Ichemke kwenye maji dakika kumi, kwa sababu inahitaji muda na kahawa haihitaji. Kosa la kawaida kabisa ni kutia vyote pamoja na kuacha vichemke robo saa. Tangawizi inaiva sawa, lakini kahawa inakamuliwa mpaka uchungu wa ganda unatoka, ule unaokausha ulimi.

Tangawizi ikishaiva, ondoa birika motoni, subiri nusu dakika hadi mchemko utulie, tia kahawa na iliki, koroga mara moja. Rudisha juu ya makaa machache. Povu litapanda. Likifika shingoni, inua. Likishuka, rudisha. Mara mbili zinatosha. Kisha nyunyiza vijiko viwili vya maji baridi juu: mchemko unakufa papo hapo na mashapo yanazama. Acha dakika tano bila kugusa, na hamishia kahawa pole pole kwenye birika la pili, lile la kuuzia, mashapo yabaki kwenye la kwanza. Ukitaka chujio la uhakika, nyuzi za kumbi la nazi zilizochemshwa na kuoshwa vizuri, zikisokomezwa mdomoni mwa birika, zinakamata kila kitu. Unga umekunywa kiasi cha maji, mvuke umechukua kidogo, kwa hiyo utapata kama lita mbili na nusu, yaani vikombe hamsini vya kijiweni.

Birika la kuuzia lina kazi moja, kuweka joto. Vijiko viwili vitatu vya makaa yaliyofunikwa jivu vinatosha. Muuzaji akianza kupepea jiko la chini ili kahawa ichemke tena, ujue mwisho umekaribia. Joto la muda mrefu linavunja asidi zilizomo ndani ya kahawa na kuzaa nyingine zenye uchachu, na hiyo ndiyo ladha ya birika la saa nne usiku. Baya kuliko hilo ni kumwaga maji mapya juu ya mashapo ya zamani na kuongeza kijiko cha kahawa kuficha. Rangi inakuja, ladha haiji. Mpishi anayeheshimu wateja wake hupika mabirika madogo mara tatu kuliko kubwa mara moja.

Basi pa kunywea. Alfajiri, nenda penye watu wengi: pembezoni mwa soko la Mgandini, au upande wa Deep Sea wavuvi wanapoingia. Sababu si mandhari. Wateja wakiwa wengi birika linaisha ndani ya saa moja, na wewe unakunywa kahawa mpya bila kuuliza. Mchana ni wakati dhaifu, ruka. Alasiri ndiyo saa ya Ngamiani: mabaraza yamepata kivuli, ubao wa drafti umetoka na vizibo vyake vya soda, na mjadala wa Coastal Union na African Sports, klabu za mpira za mji huu, unaendelea pale ulipoachwa jana. Keti baada ya kusalimia wote, si muuzaji peke yake. Atakumiminia nusu finjani. Usidhani anakupunja: kikombe kidogo kisichojaa kinapoa kwa kiasi na kinashikika ukingoni. Unalipa mwisho kwa idadi uliyokunywa, na hesabu ni yako kuitunza. Ukisema "Shehe, zungusha," umewanunulia wote waliopo.

Kabla ya kunywa, tazama ndoo. Maji ya kuoshea yakiwa ya kahawia na yana mafuta juu, ondoka hata kama kahawa inanukia. Wauzaji wazuri wana ndoo mbili, ya kuoshea na ya kusuuzia, na humimina maji ya moto kwenye finjani kabla ya kutia kahawa. Hilo linapunguza vijidudu na pia linapasha kauri, kwa sababu finjani baridi inaiba joto la kahawa kidogo namna ile kwa kufumba na kufumbua.

Katikati ya mji zipo sehemu zenye mashine za espresso, zinazosukuma maji ya moto kwa shinikizo kupita kwenye unga wa kahawa, na hizo nazo zina tatizo lao la pwani. Kipimo cha kawaida ni gramu 18 za unga kutoa gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Lakini buni hunyonya unyevu wa bahari, na mashine ya kusagia iliyorekebishwa asubuhi haifai saa tisa mchana. Mhudumu anayeonja na kuirekebisha katikati ya siku anastahili kurudiwa. Asiyefanya hivyo atakupa kahawa chachu au chungu kupita kiasi, na maziwa hayataficha.

Kashata haitenganishwi na kahawa chungu, na hapa nina msimamo: sukari isiingie kwenye finjani. Utamu ukae mkononi, uchungu mdomoni. Kwa kashata za karanga, kaanga nusu kilo, menya, ponda ziwe vipande vikubwa. Gramu 400 za sukari na nusu kikombe cha maji ziende motoni, na zikishayeyuka usikoroge tena, la sivyo sukari inarudi kuwa chenga na kashata inakuwa ya mchanga. Dondoshea tone kwenye maji baridi. Likivunjika kwa mlio, tia karanga na iliki, geuza haraka, mimina kwenye ubao uliopakwa mafuta, kandamiza, kata ingali moto. Tone likivutika badala ya kuvunjika, bado. Kashata zinazonata kwenye karatasi ziliepuliwa mapema, au ziliachwa wazi usiku mmoja.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote inapinduka. Birika la kwanza linaiva baada ya magharibi na la mwisho linaweza kuwa karibu na daku, na kwa kuwa tumbo lilikuwa tupu, punguza kahawa hadi gramu 140 kwa lita tatu na anza na tende.

Birika lenyewe lioshwe kila siku kwa maji ya moto na limau. Sabuni yenye manukato haitoki kwenye bati, na mafuta ya kahawa yakiachwa ndani ya mdomo wa birika yanachacha kufikia kesho. La shaba likague ndani: bati likichubuka na rangi ya kijani ikaanza kutokea, lipeleke kwa fundi alipake upya kabla hujapikia tena.