Wanne wa Kapernaumu na zamu ya usiku

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kinachonielemea wiki hii ni wiki ya tatu ya mgonjwa wa kiharusi. Wiki ya kwanza nyumba hujaa watu, unga, sukari na maombi. Ya tatu anabaki mke peke yake na mwili wa mtu mzima ambao nusu yake haina nguvu.

Yule mwenye kupooza wa Marko 2, aliyebebwa hadi nyumba aliyokuwamo Yesu huko Kapernaumu na kuteremshwa kupitia darini, tunamfahamu. Aliyekulia kwenye tembe, nyumba yetu ya paa bapa hapa Ugogo, hashangai dari kutobolewa, maana paa lake ni udongo juu ya miti na fito. Tunachokiruka ni idadi ya wachukuzi. Walikuwa wanne, kwa kuwa mmoja hawezi.

Fanyeni hesabu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, yaani mara 12 kwa siku. Mchana mke atajitahidi. Usiku atapitiwa na usingizi, na kidonda huanzia hapo: kwenye nyonga, juu ya makalio, visigino. Kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu. Tazama palipozidi weusi, pana joto au pamekuwa pagumu. Usipasugue. Mwondoe hapo, weka mto katikati ya magoti, na visigino vining'inie bila kugusa godoro.

Kwa hiyo jumuiya itoe watu wanne wa usiku, wapokezane: saa 4, saa 6, saa 8, saa 10. Mgeuzeni wawili wawili kwa shuka lililokunjwa chini yake. Msimvute kwa mkono uliolegea hata kidogo! Misuli haishiki tena, bega linateguka, na maumivu yake yatamkatisha tamaa ya mazoezi kwa miezi. Ndugu, hii nayo ni ibada. Tunakesha kwa nyimbo hadi alfajiri. Tushindwe kukesha kwa shuka?

Kuhusu uji, kabla hajapimwa kumeza asipewe chochote. Akisharuhusiwa, akae wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo upande wenye nguvu, na abaki amekaa dakika 30. Uji mwepesi ndio unaopotea njia upesi na kuingia kwenye mapafu, kisha nimonia. Akikohoa au sauti ikiwa kama ina maji, acheni, arudi hospitali.

Na hapa niseme wazi, hata kwa watumishi wenzangu. Acheni kumwambia mgonjwa aache dawa za presha ili aonyeshe imani. Presha mara nyingi haiumi. Anajisikia vizuri kwa sababu anameza, na akiacha anafungulia mlango kiharusi cha pili. Mwombeeni akiwa na kidonge mkononi.

Asiyeweza kusema hajapoteza akili. Msimjadili mbele yake kama marehemu; mwulizeni maswali ya ndiyo au hapana, mkangoje jibu.

Wanaopika, chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya dukani. Magadi nayo yana sodiamu ileile ya chumvi, inayopandisha presha, kwa hiyo mlenda wa mgonjwa upikwe kwenye sufuria yake, bila magadi.