Hati ya kiwanja na maji ya kisima

Kisima kilichoko nyuma ya nyumba yetu hapa Tabora alikichimba babu kwa sururu na ndoo, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutuuliza tunakitumia kwa ruhusa ya nani. Swali lilizuka pale baba mdogo aliponunua pampu ya petroli, akikusudia kumwagilia mchicha na nyanya za kupeleka sokoni na kuwauzia maji wafyatua matofali. Nilimwambia tuombe kibali kwanza. "Kibali cha nini, mwanangu, na hati ya kiwanja ninayo kabatini?"

Hati hiyo haigusi maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inatamka kwamba maji yote ya Tanzania Bara, yawe ya mtoni au ya chini ya ardhi, ni mali ya umma ambayo Rais ameyashika kwa dhamana kwa niaba ya wananchi. (Tukienda mbali zaidi, hata ardhi yenyewe ni ya umma na hati inatupa haki ya kuitumia tu, lakini hilo sikuthubutu kumwambia mzee siku ile.)

Babu hakuvunja sheria kwa kuchota maji ya kunywa, kupikia na kufulia, kwa sababu matumizi ya nyumbani hayadai kibali. Mambo hubadilika maji yanapovutwa kwa ajili ya biashara. Hapo mtumiaji humwomba mwenye mamlaka, yaani bodi ya maji ya bonde, ampe kibali kinachotaja chanzo, kiasi na kazi ya maji hayo, na hulipa ada. Nchi imegawanywa katika mabonde 9, nasi tumo katika Bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo ofisi yake kuu iko Kigoma. Baba mdogo aliona ni kichekesho kuulizia kisima cha Tabora huko Kigoma, ingawa maji ya mto Igombe, tunaouona bwawani kaskazini mwa mji, huingia Malagarasi na kuishia katika ziwa hilohilo.

Kilichonivutia zaidi ni mpangilio wa vipaumbele. Mahitaji ya msingi ya binadamu hutangulia, kisha yanafuata maji yanayopaswa kuachwa ili mto na viumbe wake visife, na kilimo cha biashara, viwanda na mengineyo hugawana kinachobaki. Kwa hiyo mwenye kibali anaweza kupunguziwa kiasi chake wakati wa ukame, jambo ambalo naliona ni la haki, hata kama litatuumiza sisi wenyewe.

Kazi ngumu ilikuja kwenye fomu, palipotakiwa kiasi cha maji kwa siku, kwa maana hatujawahi kukipima. Tuliwasha pampu alfajiri tukahesabu madumu ya lita 20. Baba mdogo alitaka tuandike kipimo cha Machi, kisima kinapojaa hadi karibu na mdomo. Nilimkumbusha kwamba Oktoba ndoo hupanda na tope, na jirani zetu huja kuchota hapo hapo. Baada ya kunyamaza kwa muda mrefu, alichukua kalamu akaandika kipimo cha Oktoba.