Sarafu za mwaka aliozaliwa mzazi: weka mpaka kabla ya kununua

Mkusanyo wa sarafu za mwaka mmoja una raha ambayo mikusanyo mingine haina: unaisha. Anayetaka sarafu zote za Afrika Mashariki atafukuzana nazo mpaka uzeeni, lakini anayetafuta za mwaka aliozaliwa baba au mama anaweza kumaliza na kumkabidhi mzee fremu yake angali anaona vizuri. Wengi hawashindwi kwa sababu ya pesa. Hushindwa kwa kuwa hawakuweka mpaka, wakaanza kuokota kila kinachong'aa chenye mwaka ule, mara peni ya Uingereza, mara senti ya Marekani, na mwishoni wakabaki na kopo la vitu visivyohusiana.

Mpaka ninaoupendekeza ni huu: chukua pesa zilizotumika pale mzazi alipozaliwa, zile ambazo mama yake angeweza kuzifunga kwenye pindo la kanga. Nje ya hapo, acha, hata kama ni nzuri.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mwaka wenyewe. Wazee wengi wana kitambulisho kinachosema 1 Januari, au mwaka uliokadiriwa na karani. Tafuta cheti cha ubatizo au daftari la shule, au uliza alizaliwa karibu na tukio gani. Kenya, Hali ya Hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952. Mafuriko makubwa ya 1961 yanakumbukwa karibu kila mahali Afrika Mashariki. Ndugu wakibishana kati ya miaka miwili, kusanya yote miwili. Sarafu za kawaida za miaka hiyo si ghali kiasi cha kugombana.

Tuchukue 1952, kwa kuwa ni mwaka ulioshiba. Sarafu zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake wakati huo yalikuwa London, na zilitumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Aden nayo ilikuwa imeingia mwaka 1951, kwa hiyo familia za Kihadhrami ambazo mzee wao alizaliwa Aden mwaka huo zina haki na seti hii hii. Zipo tano. Senti moja ina kipenyo cha takribani milimita 20, ndururu ya senti tano kama 25.5, na peni ya senti kumi kidogo zaidi ya 30. Hizo tatu ni za shaba na zina tundu katikati. Kisha kuna thumni ya senti hamsini yenye milimita 21 na shilingi ya karibu 28, zote mbili za mchanganyiko wa shaba na nikeli, zikiwa na kichwa cha mfalme upande mmoja na simba mwenye milima nyuma yake upande wa pili.

Zote tano zina jina la George wa Sita, ingawa mfalme huyo alifariki 6 Februari 1952. Hata mtoto aliyezaliwa Desemba, Elizabeth akiwa ameshatawala miezi kumi, sarafu za mwaka wake ni za marehemu. Usimwamini muuzaji anayekuonyesha sarafu ya Malkia na kukuhakikishia ni ya 1952. Soma tarakimu ya mwisho kwa lenzi, kwa sababu 2 na 5 zilizosagika hufanana.

Sasa swali la mpaka linarudi kwa njia nyingine: herufi za kiwanda. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton cha huko huko, na sarafu isiyo na herufi ilitoka kiwanda cha kifalme cha London. Kwa 1952, senti moja na shilingi zinapatikana kwa namna zote tatu, kwa hiyo ukihesabu herufi seti ya sarafu tano inakuwa ya sarafu tisa. Ushauri wangu ni kuanza na tano, ukiweka suala la herufi pembeni. Zile nne za nyongeza zinampendeza mkusanyaji, si mzee. Kwake shilingi ni shilingi. Ukiamua kuzitafuta, uwe na lenzi ya kukuza mara 10 na uangalie pande zote mbili, maana herufi ni ndogo na uchafu unaifunika.

Si kila mwaka umeshiba hivyo. Mwaka 1953 Bodi haikutoa sarafu yoyote yenye tarehe hiyo. Za Elizabeth zinaanza 1954. Hapo ndipo watu hukimbilia taji, yaani sarafu kubwa ya Uingereza (crown) ya kutawazwa Malkia. Ni sarafu nzuri, lakini haikununua unga Dodoma wala Kisumu. Jibu bora liko kwenye karatasi: noti za Bodi zenye picha ya Malkia kijana, za shilingi 5, 10, 20 na 100, zina tarehe 31 Machi 1953. Noti za sura hiyo hiyo zilichapishwa tena zikiwa na tarehe za baadaye, kwa hiyo soma tarehe, usinunue kwa picha. Ile ya shilingi 5 au 10 iliyokunjwa lakini haijachanika inatosha kabisa. Kataa iliyobandikwa selotepu. Gundi yake hupenya karatasi, huacha doa la kahawia, na hakuna wa kulitoa.

1965 nao ni pengo. Bodi ilimaliza na senti tano na senti kumi za 1964, ambazo hazina jina la mfalme wala malkia, na nchi zikaanza na zake mwaka 1966. Mzazi aliyezaliwa Burundi mwaka 1965 ana faranga moja ya Ufalme wa Burundi, na wa Kongo ana faranga kumi ya alumini yenye uso wa simba. Wa Tanga au Kampala hana sarafu ya kwao. Kwake ningechukua zile mbili za 1964, na kwenye lebo niandike wazi kwamba hizi ndizo zilizokuwa mifukoni alipozaliwa. Hilo ni kweli zaidi kuliko kuazima sarafu ya nchi nyingine kwa sababu tu tarakimu zinalingana.

Mwenye mzazi wa 1966 amebahatika. Mwaka huo Tanzania, Kenya na Uganda zote zilianza sarafu zao. Za Tanzania ni nne: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru, zote zikiwa na Mwalimu Nyerere upande wa pili. Baada ya hapo Tanzania inanyamaza mpaka miaka ya sabini, kwa hiyo kwa 1967 hadi 1969 mzazi wa Kitanzania atakuwa na sarafu za 1966 mfukoni mwake, kwa mantiki ile ile ya 1964. Kenya iliendelea, shilingi ya Kenyatta ya 1967 na ya 1968 zipo. Sarafu za Kenya za miaka hiyo ya mwanzo hazina maandishi yanayomzunguka Mzee, yalianza 1969.

Kwa babu na bibi mambo ni tofauti kidogo. Shilingi za Bodi kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha, lakini robo tu, yaani sehemu 250 kwa 1,000. Muuzaji akikwambia ni fedha tupu, anakosea au anakujaribu. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa, na maneno ya kumtaja mfalme kuwa mtawala wa India nayo yakaondolewa, kwa kuwa India ilikuwa imeshajitawala. Mizani haitakusaidia kuzitofautisha kwa sababu zote zina uzito wa karibu gramu 7.8. Kinachosema ukweli ni mwaka. Waliozaliwa Zanzibar kabla ya 1936 watafutiwe rupia, maana shilingi ilikuwa bado haijafika huko. Na aliyezaliwa 1936 kwingineko ana kitu cha kuchekesha: senti tano na senti kumi zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka ule ule. Zilitoka kwa sababu sarafu ya tundu haihitaji sura, jina linatosha.

Kununua. Wauzaji wa vitu vya kale Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa wanazo, masonara pia, na makopo ya jamaa zako ndiyo ya kuanza nayo. Beba lenzi, mizani ya kidijitali inayosoma 0.01 ya gramu, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) na sumaku ndogo. Shaba, nikeli iliyochanganywa na shaba, na fedha ya robo hazivutwi na sumaku, ikivuta, rudisha. Kwa sarafu za tundu, angalia ukingo wa ndani wa tundu kwanza. Nyingi zilitungwa kwenye uzi au waya, na upande mmoja wa tundu umelika ukawa wa yai. Kisha angalia pembe za ndovu zinazozunguka tundu. Kama mistari yake inaonekana mpaka nchani, sarafu imetembea kidogo. Kwa shilingi, anza na manyoya ya simba begani na nywele za mfalme juu ya sikio, ndiko kunakosagika mapema. Zungusha ukingo wote chini ya mwanga: iliyowahi kuwa kidani huacha alama ya risasi ya kulehemu au sehemu iliyopigwa tupa.

Hatari kubwa kuliko sarafu bandia ni sarafu iliyosuguliwa. Limau, majivu, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia shaba vyote hula ngozi ya juu ya metali, na ngozi hiyo hairudi. Elekeza sarafu kwenye taa na uipindue polepole. Sarafu ambayo haijaguswa hung'aa kwa mwanga unaozunguka kama miale ya gurudumu. Iliyosuguliwa hung'aa bapa, na kwa lenzi utaona mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Kuwa makini hasa na Tanzania 1966, kwa kuwa kuna seti maalumu za mwaka huo zenye uso wa kioo, na sarafu ya kawaida iliyopakwa dawa huuzwa kwa bei ya hizo maalumu. Kwenye ile halisi, ukingo wa herufi umesimama wima kama umekatwa kwa kisu. Kwenye iliyosuguliwa, herufi zimelainika na mabaki meupe ya dawa yamejificha kwenye kona za tarakimu.

Kwa hiyo usisafishe. Ukipata sarafu yenye vumbi au mafuta, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled), ibadilishie maji kila siku kwa siku kadhaa, kisha ikaushe kwa kuigandamiza kwa kitambaa cha pamba bila kusugua. Utando wa kijani unaonata, ulioachwa na plastiki, huondoka kwa asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali. Dawa ya kutoa rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Unga wa kijani kibichi unaopukutika na kurudi baada ya wiki ni jambo jingine: hiyo ni chumvi inayoila shaba kutoka ndani. Itenge na nyingine siku hiyo hiyo. Kwa peni ya 1952, nunua nyingine tu. Kuitibu kunachosha na mashimo yatabaki.

Pwani, hewa ndiyo adui. Vifuko laini vya PVC vinavyouzwa madukani hutoa tindikali kwenye joto, na ndivyo vinavyoleta ule utando. Tumia vifuko vya poliesta, vile vinavyokatika vikikunjwa, au kapsuli za plastiki ngumu. Kadi za kubana kwa stepla zinafaa bara, lakini Dar es Salaam na Mombasa pini hupata kutu na kutu huhamia kwenye sarafu. Chagua kadi za kujinata. Mipira ya kufungia pesa ina salfa, nayo huifanya fedha kuwa nyeusi. Kasha la mbao jipya lenye harufu kali, hata liwe zuri vipi, si mahali pa sarafu.

Fremu ya seti ya 1952 inahitaji kapsuli tano. Pima kila sarafu kwa kalipa kabla ya kuagiza, kwa sababu zilizolika hupungua na zitacheza ndani zikijikwaruza. Panga kwa thamani, si kwa ukubwa, hata kama thumni inaonekana ndogo karibu na peni. Usitumie mahameli wala gundi mgongoni. Kata nafasi kwenye kadi isiyo na tindikali na ubane kapsuli humo. Andika lebo kwa penseli: jina la sarafu, mwaka, herufi ya kiwanda, metali, na ilikopatikana. Nyuma ya fremu acha nafasi ya kifuko cha chembe za kunyonya unyevu, kile kinachokuja kwenye masanduku ya viatu, na uchague chenye chembe zinazobadilika rangi ili ujue wakati wa kukibadilisha. Itundike ukuta wa ndani, mbali na jiko na bafu, mahali ambapo jua la mchana halifiki.